Hehe Si Kicheko

Hotuba kwa wanafunzi wanaokwenda kusoma China

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu wa Kichina, wazazi na walezi mliokuja kuwasindikiza vijana, shikamooni. Na ninyi wadogo zangu ambao viza zimeshatoka na mabegi yameshaanza kupimwa kilo, hamjambo? Itifaki imezingatiwa, naomba niende moja kwa moja.

Walionitangulia wamewaeleza habari za baridi, benki, chakula na bweni. Mimi nimeambiwa niseme machache kuhusu kuishi na watu, na nimeamua kuzungumzia jambo moja tu: namna wenzenu wa huko wanavyotaniana kwenye simu. Msicheke. Mtafika na Kichina chenu safi cha darasani, siku hiyohiyo mtaunganishwa kwenye WeChat, programu yao ya ujumbe na ya kutumiana fedha, katika kundi la darasa au la bweni, na kabla hamjafungua mabegi mtaona ujumbe unaporomoka umejaa namba, herufi za Kilatini zisizosomeka, mbwa, matikiti, na vijana wanaoitana baba na mwana ilhali wamezaliwa mwaka mmoja. Kamusi haitawasaidia. Neno mojamoja mtalijua, sentensi ndiyo itakayowashinda.

Hayo ni maneno ya utani, na utani una wenyewe. Sisi hili tunalijua. Mnyamwezi akifika kwenye msiba wa Mzaramo anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, akamsimanga na marehemu mwenyewe, watu wakacheka huku wanafuta machozi. Maneno yaleyale yakisemwa na mpita njia, atatolewa pale kwa fimbo. Kwa hiyo kila neno nitakalowapa leo, jiulizeni linasemwa na nani kwa nani. Maana yake ni rahisi kuipata. Haki ya kulitumia ndiyo inayotafutwa.

Tuanze na namba, maana ndizo zitakazowapokea. Kichina sanifu, ukiweka kando toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kina silabi kama 400 tu. Ukiziongeza toni unapata elfu moja na kitu. Kwa lugha yenye maneno mengi kiasi kile, silabi hizo ni chache, hivyo matamshi yanagongana kila siku, na Wachina wamecheza na kugongana huko tangu enzi za mababu. Nne, "si", inakaribiana na neno la kufa, ndiyo maana lifti za majengo mengi hazina kitufe cha ghorofa ya 4. Nane, "ba", inakaribiana na "fa" ya kupata utajiri, na Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008, saa mbili usiku. Kumpa mtu zawadi ya saa ya ukutani kunatamkwa "song zhong", sawasawa na kumsindikiza mzazi anayekata roho. Kama kuna mzazi hapa amemnunulia mwalimu wa huko saa yenye picha ya mlima Kilimanjaro, mama yangu, irudishe dukani.

Intaneti ilipokuja ikakuta watu wana mazoezi tayari. 520 husomwa "wu er ling", na kwa sikio lenye huruma inafanana na "wo ai ni", nakupenda. 1314, "yi san yi si", inafuata nyuma yake kwa maana ya maisha yote. 88, "ba ba", ni kuagana. 555, "wu wu wu", ni mtu analia. 7456, "qi si wo le", amekasirika karibu afe, ingawa hiyo sasa ni ya wakubwa kidogo. Msiwaone wa ajabu. Kaka na dada zenu, enzi ujumbe mmoja ulipokuwa na herufi 160 na vocha ikiuma, waliandika "wa2 wote wamefika, 2onane kesho", na kila mtu alielewa.

Ile 520 imeota mizizi kiasi kwamba tarehe 20 Mei imekuwa siku ya wapendanao. Ofisi za kuandikisha ndoa hupata foleni, maua hupanda bei, na bahasha nyekundu za fedha hutumwa kwenye simu kwa kiasi chenye ujumbe: yuan 5.20, yuan 13.14, na kwa waliojaliwa, 520 kamili. Kwa kawaida WeChat hairuhusu bahasha moja kuzidi yuan 200, ila siku hiyo wamekuwa wakipandisha kikomo hadi 520. Sasa wewe kijana wa kiume, mwenzako wa darasani amekulipia chai ya maziwa, unataka kumrudishia fedha yake, na leo ni tarehe 20 Mei. Angalia kiasi kabla ya kubonyeza. Zidisha senti moja, punguza senti moja, lakini 5.20 usitume.

Na wazazi wanaosali, hili ni lenu. Mkiona kwenye simu ya mtoto ameandikiwa 666, msikimbilie Ufunuo sura ya 13. Huko anasifiwa. "Liu", sita, inafanana na neno la kitu kinachoteleza vizuri, la mtu anayefanya jambo kwa ufundi bila kukwama. Lilishamiri kwa wacheza michezo ya kompyuta: mchezaji akimwangusha mpinzani kwa namna ya pekee, watazamaji wanajaza skrini sita, sita, sita. Likatoka kwenye skrini likaingia mkononi. Wachina huhesabu moja mpaka kumi kwa mkono mmoja, na sita yao ni hivi, nitazameni: kidole gumba nje, kidole cha mwisho nje, vitatu vya katikati vimekunjwa. Kwetu hii ni "nipigie simu". Kule mtu akikutikisia mkono hivi baada ya kufunga goli, usichukue simu yako ukaanza kumtafuta.

Lakini subirini. Siku hizi ukiandikiwa 6 moja tu, peke yake, ujue umepigwa kijembe. Ni kama mtu amekutazama, akashusha pumzi, akasema "haya bwana". Sifa inataka wingi. Hata kicheko kinataka wingi, kama tutakavyoona.

Kuna namba moja ambayo haitokani na sauti kabisa, 233. Tovuti ya zamani iitwayo Mop ilikuwa na vikatuni vya hisia, kila kimoja na namba yake, na cha mtu anayecheka huku anapigapiga sakafu kilikuwa namba 233. Vikatuni vimesahaulika, namba imebaki, na anayecheka zaidi anaongeza tatu: 23333333. Ukimuuliza kijana wa miaka 18 ilianzia wapi, wengi hawajui.

Baada ya namba kuna herufi. Pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, ilipitishwa rasmi mwaka 1958 ili kusaidia watu kujifunza kusoma na kutamka. Leo vijana wengi wanaandikia pinyin kwenye simu: unagusa herufi, simu inakuletea alama za Kichina uchague. Sasa mtu mwenye haraka, au mvivu, au anayejificha kwa wazazi, haendi mpaka kwenye alama. Anaacha herufi za mwanzo tu. "Xiao si wo le", nimekufa kwa kucheka, inakuwa xswl. "Dui bu qi", samahani, inakuwa dbq. "You yi shuo yi", yaani tuseme ukweli, inakuwa u1s1, na hapo wamechanganya herufi na namba kwenye sufuria moja.

Iliyovuma kuliko zote ni yyds, "yongyuan de shen", mungu wa milele. Ilianza kwa mashabiki wa mchezaji wa League of Legends, mchezo wa kompyuta, anayejulikana kama Uzi, jina lake Jian Zihao, aliyestaafu kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Mtangazaji mmoja wa michezo mtandaoni alikuwa akipiga kelele kwamba Uzi ni mungu wa milele, watu wakaikata ikawa herufi nne. Mwaka 2021, wakati wa Olimpiki ya Tokyo, ilikuwa haishikiki. Yang Qian alipochukua dhahabu ya kwanza ya mashindano yale kwa kulenga shabaha, yyds. Mpiga mbizi akiingia majini bila maji kuruka, yyds. Kisha supu ya tambi ikawa yyds, feni yyds, mwalimu aliyeahirisha mtihani yyds. Mwisho wa mwaka kituo cha taifa cha utafiti wa lugha kikaiweka kwenye orodha ya maneno kumi ya mtandaoni ya mwaka huo.

Mimi nikiliona neno kwenye orodha rasmi huwa nalisomea rambirambi. Mwaka 2010 vijana walikuwa na neno "geili", la kusifia kitu chenye nguvu, kinachokupa moyo. Tarehe 10 Novemba gazeti la Renmin Ribao, gazeti la chama tawala, likaliweka kwenye kichwa cha habari ukurasa wa mbele. Nchi nzima ikashangilia. Leo ukilisema bwenini watakutazama kama mjomba aliyevaa suruali ya bwanga kwenye sherehe ya mahafali. Kwa hiyo video za "maneno 50 ya mtaani ya Kichina" mnazozipakua, tazameni zimetengenezwa mwaka gani. Nyingi zinafundisha maneno yaliyokwisha kuzikwa, na hata haya yangu ya leo yana tarehe ya kuchacha.

Nikipewa nafasi ya kupendelea, napendelea awsl. "A, wo si le", aah, nimekufa. Mtu akiona kitoto cha paka kinapiga miayo, awsl. Ili mwone inavyofanya kazi mnatakiwa kuijua Bilibili, tovuti ya video ambayo maoni hayakai chini ya video. Yanapita juu ya picha yenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, kila moja kwenye sekunde ileile ambayo mtazamaji aliliandika. Huitwa "danmu". Unatazama video usiku wa manane peke yako chumbani, paka anapiga miayo, na ghafla skrini inafunikwa na mamia ya awsl za watu waliotazama jana, mwezi uliopita, mwaka juzi, wote wakiwa wamekufa mahali pamoja. Uso wa paka hauonekani tena. Bilibili wenyewe walitangaza awsl kuwa danmu ya mwaka 2019. Kwa mgeni mpweke ni dawa nzuri, nawaambia. Na kusikiliza mnajifunza.

Sasa nije bwenini, ambako ndiko utani wenyewe unaishi.

Mbwa kwanza. Asiye na mchumba anaitwa "danshen gou", mbwa mpweke. Hilo mtu anajiita mwenyewe, hasubiri kuitwa. Wachumba wakishikana mikono mbele za watu, au wakitupia picha zao za mahaba, wanasemwa wanamwaga chakula cha mbwa, "sa gouliang", na wapweke wanalalamika kwamba wameshiba tangu asubuhi. Mnakaa meza moja kantini, dada mmoja anamlisha mwenzake kipande cha tofu kwa vijiti, kijana wa upande wa pili anaweka vijiti vyake chini anasema amekwisha kula. Meza nzima inacheka. Anayejua anajua. Ile sikukuu kubwa ya manunuzi ya tarehe 11 Novemba, ambayo hata wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaisubiri, ilianza kama utani wa aina hiyo: 11.11, fimbo nne zimesimama kila moja peke yake, sherehe ya makapera, ambayo asili yake husimuliwa kuwa ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nanjing miaka ya 1990. Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, waliigeuza siku ya punguzo mwaka 2009.

Halafu habari ya baba na mwana. Hii ni ya wavulana zaidi, na ndiyo itakayowashtua. Marafiki wa chumba kimoja hugombania nani awe baba wa mwenzake. Aliyeshindwa mchezo anaambiwa "jiao baba", niite baba. Anayetaka kuazima chaja anaomba akianza na baba. Kwenye simu, jina la rafiki wa karibu limehifadhiwa kama "erzi", mwanangu. Ikifika saa sita mchana, nje mvua, mmoja akaandika kundini kwamba yuko kantini, simu inaanza kulia mfululizo: baba, niletee wali na nyanya na mayai. Baba, mimi tambi, usisahau pilipili. Miaka ya karibuni wamepandisha daraja, wanasema "yifu", baba mlezi. Hapo kuna kijembe cha historia. Mwishoni mwa enzi ya Han kulikuwa na jemadari Lü Bu, shujaa kweli, ila kila aliyemkubali kuwa baba alikuja kumgeuka. Mwaka 192 alimuua Dong Zhuo, aliyekuwa akimwita baba. Kwa hiyo kijana akikuita yifu kwa ajili ya sahani ya wali, ameshakuonya mwenyewe kwamba shukrani yake haina muda mrefu. Ndiyo raha yake.

Lakini toeni mguu mmoja nje ya chumba. Mwite "erzi" mwanafunzi mliyekutana naye leo maktabani, au kijana wa ofisini, au dereva. Umemtukana yeye na mama yake kwa pamoja. Hakuna kicheko hapo. Wachina wanaheshimu nafasi ya baba kama tunavyoiheshimu sisi, na utani unachekesha kwa sababu unagusa mahali pazito. Sheria ninayowapa: msianze ninyi. Subirini muitwe wana. Siku mtakapoitwa wana na mtu anayewachekea huku amebeba maji yenu ya moto kutoka bombani, hapo mna ruhusa ya kudai ubaba.

Kuna neno ambalo mgeni anaweza kulipokea bila hofu, nalo ni "laotie", chuma cha zamani. Linatoka kaskazini-mashariki, kule baridi inakoshuka nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, kwa maana ya rafiki wa kuaminika. Kuaishou, mtandao wa video fupi, ndio uliolisambaza nchi nzima kupitia watangazaji wa mikoa ile waliokuwa wakiwaomba watazamaji: "laotie, shuangji 666", yaani rafiki, gusa mara mbili na uandike sita. Mchuuzi wa mishikaki akikuita laotie, itika.

Wasichana, ya kwenu ni laini kidogo kwa nje. "Jimei" ni "jiemei", dada, iliyotamkwa kwa kudeka. "Baobao", mtoto mchanga, ni neno ambalo hata muuza viatu mtandaoni atakuita, kwa hiyo usidhani umependwa. Neno la uzito ni "guimi", shoga wa ndani kabisa. Hilo halitupwi hovyo.

Nimesema nitarudi kwenye kicheko. Hapa naomba simu ziwekwe chini, maana hapa ndipo urafiki unapoharibika bila mtu kujua.

"Hehe". Kwenye kamusi ni sauti ya kucheka kwa upole. Kwenye simu ya kijana wa Kichina ni mlango uliofungwa kwa adabu. Ni "sawa, nimekusikia, tuishie hapo". "Haha" moja ni baridi, mtu anatimiza wajibu. "Hahaha" ni kicheko cha kawaida. "Hahahahahaha" amecheka, au angalau anataka ujue mambo ni mazuri. Hali ni hiyo kwa kukubali: "en" moja ni kama mtu ameitikia bila kuinua macho, "en en" ni kuitikia kwa moyo. "Hao" ni sawa kavu, "haode" ni sawa yenye heshima, na "haoda" ni sawa yenye tabasamu.

Nimetaja tabasamu. Kuna kile kikatuni cha uso wa manjano unaotabasamu, mdomo umefungwa. Kwa watu wa makamo kule, ni tabasamu. Kwa vijana ni dharau, ni mtu anayekuchukia kistaarabu. Mlinzi wa bweni mwenye umri wa baba yako anakutumia ujumbe kwamba mzigo wako umefika, njoo uchukue, anamalizia na uso ule. Usifikiri umemkosea. Msimamizi wako wa masomo, profesa wa miaka 60, anakuandikia "nimesoma sura yako ya pili" na uso uleule. Hapo hata wanafunzi wa Kichina wenyewe hukosa usingizi, maana hawajui anautumia kwa Kichina cha kizazi gani. Dawa yake ni kutazama ujumbe wake mwingine: kama anatuma pia zile picha za maua mekundu yanayometameta zenye maandishi ya kukutakia asubuhi njema, huyo ni mzee mwema, lala salama. Shangazi zenu walioko kwenye makundi ya ukoo wanawafahamu watu hao bila kuvuka bahari.

Hili la mwisho kwenye adabu linatugusa sisi hasa. Mswahili haombi kitu bila salamu. Tunaandika "Mambo? Upo?" halafu tunangoja tujibiwe ndipo tuseme shida. Mkiihamisha tabia hiyo kwa Kichina inakuwa "Zai ma?", uko? Na "zai ma" kule imekuwa kichekesho cha taifa, kwa sababu anayeitumia, baada ya kimya cha miaka miwili, kwa kawaida anataka kukopa fedha. Mtu anaiona, anaifunika, anajifanya amelala. Salimieni, bila shaka, msiache malezi yenu, ila salamu na shida viende kwenye ujumbe mmoja: "Habari za mchana, naomba kujua kesho darasa liko chumba gani." Watawapenda.

Maneno ya kazi na masomo nitayapita haraka. 996 ni kufanya kazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. "Neijuan" ni ushindani wa kuumizana usiomfikisha mtu popote, na mwanafunzi aliyeambiwa aandike kurasa tano akaleta ishirini ni "juanwang", mfalme wa jambo hilo. "Tangping" ni kulala chali na kuacha wanaokimbia wakimbie. "Moyu", kupapasa samaki, ni kuzubaa kazini huku unaonekana una shughuli. Na "chi gua", kula tikiti, ni kukaa pembeni unafuatilia ugomvi wa watu wengine. Umbea, kwa kifupi, ila umekaa na kisahani.

Mtakutana pia na kaa wa mtoni. Serikali ilipokuwa ikihubiri jamii yenye upatano miaka ya 2000, watu walianza kusema kwamba maandishi yaliyofutwa mtandaoni "yamepatanishwa", "hexie". Neno hilo nalo likaanza kubanwa, wakaandika "hexie" nyingine yenye toni tofauti, ambayo ni kaa. Ninyi mko kwa ufadhili na viza. Kaa mkimwona, mkamwelewa, mwacheni mtoni.

Sasa Afrika. Mngeniuliza, na kama hamjaniuliza mtaulizana wenyewe ndani ya ndege.

Nianze na la kufurahisha. Nyegere, yule mnyama wetu mdogo anayepigania asali na kumfokea simba, ni nyota wa mtandao wa China. Wanamwita "pingtou ge", kaka mwenye denge, kwa sababu ya lile shuka jeupe kichwani mwake. Wamempa na kaulimbiu: "shengsi kandan, bufu jiu gan", kufa na kupona kwetu sawa, kama hukubali tupigane. Kampuni ya Alibaba ilipounda kitengo cha kutengeneza chipu za kompyuta mwaka 2018, ikakipa jina la nyegere. Mkitaka kuvunja ukimya chumbani siku ya kwanza, semeni kwamba nchini kwenu nyegere wapo, na kwamba wanaiba kuku.

Halafu la kuchefua. Kwenye michezo ya simu ambayo unalipia kubahatisha kadi, mtu asiye na bahati anaitwa "feiqiu", chifu wa Kiafrika. Mwenye bahati ni "ouhuang", kaisari wa Ulaya. Imetokana na usemi wao kwamba mwenye mkosi ana uso mweusi. Kutoka uso mweusi wakaruka moja kwa moja hadi kwetu, na mchezo wa Onmyoji wa mwaka 2016 ukausambaza. Kwa hiyo mwenzako anaweza kukaa karibu yako, akapoteza mchezo, akasema "wo tai fei le", mimi nimezidi Uafrika, na asitambue kabisa kwamba kuna mtu amemsikia. Wengi wao hawakukusudia neno kwako. Hawakukufikiria. Mimi hilo la kutofikiriwa silioni kuwa ni udhuru, na sioni sababu ya ninyi kucheka ili mwonekane mmeelewa mzaha. Huyu si mtani wenu bado, na hata utani wa jadi hauruhusu mmoja awe anasema tu na mwingine awe anasemwa tu.

Jibu zuri nililowahi kuona lilitoka kwa dada mmoja wa Mwanza. Kundini kwao walikuwa wakirusha bahasha nyekundu za kugombania, zile ambazo WeChat inagawa fedha kwa bahati na aliyepata nyingi anaandikiwa "shouqi zuijia", mkono wenye bahati kuliko yote. Mwenzake mmoja akapata senti, akalalama kwamba yeye leo ni feiqiu. Yule dada ndiye aliyekuwa na mkono wa bahati. Akapiga picha ya skrini yenye jina lake juu kabisa, akaandika kwa Kichina safi: "Chifu mwenyewe ni mimi, na hazina yangu inasomeka. Wewe umemwakilisha nani?" Kukawa kimya kidogo. Kisha zikaja sita, mstari mzima, na yule kijana akamtumia ujumbe wa pembeni kuomba radhi. Si kila mtu ana ulimi kama ule. Asiye nao amwambie mwenzake faraghani, kwa maneno ya kawaida, kwamba neno lile silipendi na sababu ni hii. Nimeona likieleweka mara nyingi kuliko mnavyodhani. Na asiyeelewa baada ya kuambiwa, amekupunguzia kazi ya kutafuta rafiki.

Mwenyekiti ananionyesha saa, ya mkononi kwa bahati nzuri. Neno la utekelezaji basi. Wengi wenu mnapojaribu kufungua WeChat inadai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi awathibitishe kwa kuskani msimbo, na kila mtu anaruhusiwa kuthibitisha wachache tu, kwa hiyo msinipangie foleni mimi peke yangu. Walimu wapo, na wale wanne waliorudi likizo wamekaa mstari wa mbele kushoto. Njooni na simu zenye chaji. Maswali tutayachukua tukiwa pale pale.